Spika za Kuzeeka Nazo

Kiswahili kimetuchezea: spika ni mkuu wa Bunge, na spika ni sanduku linaloimba sebuleni. Wa kwanza anaweza kubadilishwa kila baada ya uchaguzi. Hiyo ya pili naona mtu aichague mara moja, kama anavyochagua kitanda cha mninga.

Mimi sikuchagua mara moja. Za kwanza nilizinunua nikiwa kijana mwenye mshahara mpya na masikio mabichi: masanduku mawili yaliyonifika kifuani, besi yake ikitikisa vikombe kabatini. Nilikaa nazo Tanga, karibu na bahari. Mwaka wa saba zikaanza kukoroma. Fundi alipobandua kitambaa cha mbele, ukingo wa sponji unaoshikilia koni ulimpukutikia vidoleni kama kileja.

"Sponji haiwezi hewa ya huku," akasema. "Ukinunua tena, angalia mpira."

Katika kutafuta nyingine ndipo nilipokutana na habari za wahandisi wa BBC. Sisi tunaijua BBC kwa sauti. Idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1957, na nyumbani kwetu babu alikuwa akiitafuta jioni kwenye masafa mafupi, sauti ikija na kuondoka kama maji ya pwani, na ole wake mtoto atakayekohoa. Sikujua kwamba shirika hilohilo lilikuwa na idara ya utafiti katika jumba la Kingswood Warren, kusini mwa London, ambako watu wazima walilipwa mshahara kuuliza swali moja tu: sauti ya mtu ikishapita kwenye spika, je, bado ni ya mtu?

Kipimo chao kilikuwa rahisi kueleza na kigumu kushinda. Mwenzao alizungumza, wakamsikiliza ana kwa ana, kisha wakamsikiliza spikani. Ngoma ikizidi kidogo utasema ndivyo mpigaji alivyopenda. Lakini sauti ya mtu unayekula naye kila siku mchana ikiongezewa pua au kifua, sikio linakataa palepale, hata kama mwenye sikio hajui kueleza kasoro iko wapi.

Hapo ndipo walipogombana na karatasi. Koni za spika nyingi zilikuwa za karatasi, na karatasi hunywa unyevu; tena koni mbili zilizotengenezwa siku moja huweza kutofautiana kama ndugu. Dudley Harwood wa idara hiyo na wenzake wakageukia plastiki iitwayo Bextrene, wakaifinyanga kwa joto na kuipaka dawa ya kuizuia isilie yenyewe. Kuhusu sanduku walifanya kinyume cha nilivyodhani. Mimi ningetaka mbao nene kama mlango wa Lamu. Wao walichukua plaiwudi nyembamba, wakaibandika lami kwa ndani. Sababu yao ni hii: ubao mnene ukitikiswa hulia juu, palepale inapokaa sauti ya mtu, na hukawia kunyamaza; mwembamba uliotulizwa kwa lami hulia chini na kuzimika upesi. Nimejaribu kwa kugonga meza za nyumbani kwa kidole, mke wangu akinitazama tu.

Kati ya spika walizozaa, ninayoipenda ni LS3/5A ya miaka ya 1970. Ile 3 yaonyesha kazi yake: matangazo ya nje ya studio. Ilibuniwa iingie kwenye gari la mitambo, ambamo fundi hana hata pa kunyooshea kiwiko. Kimo chake ni kama sentimita 30, upana 19. Koni na twita, kile kispika cha sauti za juu, zilitoka kwa KEF, na BBC ilitoa leseni kwa viwanda kama Rogers vitengeneze kwa vipimo vilevile. Ziliuzwa mbilimbili, zikiwa na namba moja, hii A na hii B, maana zilikwisha kulinganishwa. Ukiona A inauzwa bila B yake, jiulize mwenzake kafa wapi.

Na kuna jambo ambalo wanaohesabu wati hawalitaji kamwe. Spencer Hughes, aliyefanya kazi na Harwood BBC, alifungua kiwanda akakiita Spendor: Spencer na mkewe Dorothy. Harwood naye alipoanzisha chake mwaka 1977 akakiita Harbeth, yaani yeye na mkewe Elizabeth. Majina ya ndoa! Viwanda vyote viwili vipo hadi leo.

Wapo watakaoniuliza juu ya Quad ESL ya Peter Walker, iliyoingia sokoni mwaka 1957, uleule wa idhaa ya babu, isiyo na koni wala sanduku, bali utando mwembamba wa plastiki unaochezeshwa kwa maelfu ya volti. Niliisikia mara moja ugenini nikakosa la kusema. Lakini vumbi letu, chumvi ya bahari, na umeme unaokatika magharibi? Sithubutu.

LS3/5A zangu nilizipata Upanga, Dar es Salaam, kwa mzee aliyezinunua alipokuwa mwanafunzi Uingereza. Nilikwenda na simu yenye vitu viwili: wimbo wa taarabu wa Bi Kidude, na sauti ya mke wangu akinitajia vitu vya sokoni, ambayo niliirekodi bila yeye kujua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kusikiliza au kununua?"

Tulianza na Bi Kidude. Spika nyingi humpaka mafuta bibi yule. Humsafisha koo, zikamwondolea moshi wa sigara na miaka yake, akabaki mwimbaji mzuri tu. Hizi zilimwacha na mikwaruzo yake yote. Nilimsikia anapovuta pumzi, na udi nyuma yake ukawa na kidole, si waya mtupu. Besi ya chini kabisa haikuwepo, na mzee hakuificha. "Si za harusi hizi," alisema. "Ukitaka kuwachezesha watu mtaa mzima, utaziua. Hizi ni za mtu aliyekaa."

Kisha sauti ya mke wangu: vitunguu, nazi mbili, dagaa kama wapo. Simu si maikrofoni ya studio, lakini niligeuka kuangalia mlango. Mzee aliniona, akatabasamu, akaenda kuweka chai jikoni. Bei haikupungua baada ya hapo.

Alinipa masharti kama anayeoza binti. Zisiwekwe juu ya kabati. Zitafutiwe stendi zifike usawa wa sikio la aliyeketi, zisogezwe mbali na ukuta. Akanionya pia kuhusu vipuri: KEF iliacha kutengeneza koni na twita hizo mwishoni mwa miaka ya 1990, na matoleo mapya ya viwanda vingine yana vya kwao. Kapasita za ndani huchoka kwa umri, lakini fundi anayejua kushika chuma cha kulehemu hubadilisha kwa siku moja. Hili kwangu ndilo la kwanza kuuliza kabla ya kuuliza bei: je, inafunguka, na aliyeitengeneza yupo bado? Spika iliyogundishwa kila upande haina fundi, hata iwe na uzuri gani.

Nilirudi Tanga kwa basi, nimezipakata kama mapacha, kondakta akitaka nizitie buti na mimi nikikataa hadi Segera.

Jioni ile nilizifunga, nikasogeza kiti, nikapima kwa kamba ya viatu masafa kutoka sikioni hadi kila moja. Binti yetu alikuwa uani anacheza kombolela. Nikaiweka ile rekodi tena: vitunguu, nazi mbili, dagaa. Nilikuwa nimesahau kwamba katikati ya orodha mama mtu aliacha kunitajia vitu, akageuka kuita: "We mtoto, hebu njoo!"

"Abee mama!" jibu likatoka uani, na miguu ikaja mbio hadi sebuleni. Akasimama mbele ya visanduku viwili, akavitazama, kisha akaelekea jikoni kuuliza alikuwa anaitiwa nini.