Michembe, Matobolwa na Kazi ya Kuchagua Kiswahili

Unyamwezini, michembe na matobolwa ni vitu viwili. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakaanikwa. Mwandishi wa Tabora akitaja matobolwa, msomaji wa Nzega mate yanamjaa mdomoni, na msomaji wa Lamu anakwama. Mhariri mwenye haraka atalifuta neno na kuweka "viazi vikavu", na jiko zima la hadithi litapoa. Mhariri hodari ataliacha lilivyo, kisha atamwomba mwandishi aongeze kitendo kidogo: bibi anaepua chungu jioni, asubuhi anavikata viazi na kuvitandaza juani. Hakuna mabano, hakuna maelezo ya pembeni, na mtu wa Lamu amekwishaelewa kinacholiwa. Kazi hiyo naipenda kuliko kazi nyingi zinazofanywa kwa kalamu, na sidhani kama tumewahi kuisifu inavyostahili.

Tabora ni mahali pazuri pa kuifikiria. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, ilipo Tabora, ikaendelea hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe mabegani, wakarudi na nguo, shanga na lugha. Mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip, ambaye baba yake Muhammad bin Juma aliishi jirani na Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo Kiswahili cha bara si mgeni wa jana. Kimekuwa na masoko yake, wasafiri wake na lafudhi yake kabla hata reli haijafika Tabora mwaka 1912.

Kilichokosekana ni makubaliano kuhusu Kiswahili kipi kiandikwe. Edward Steere alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870 akifuata lugha ya Unguja. Kamusi ya Ludwig Krapf ya mwaka 1882 iliegemea Mombasa, ambako njia ni ndia na mchele ni mtele. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukakichagua Kiunguja, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi nne ikaanza kukisimamia katika vitabu vya shule. Naamini uamuzi ule ulihitajika, maana mtoto wa Tabora na mtoto wa Kisumu waliweza kushika kitabu kimoja. Lakini bei yake ilikuwa kubwa, na waliolipa zaidi ni watu wa Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu, wenye tenzi za karne nyingi, ambao walijikuta wakisahihishwa kwa wino mwekundu katika lugha yao wenyewe. Jambo hilo bado linaniuma.

Basi ikaonekana kana kwamba Kiswahili kizuri hutoka baharini tu na watu wa bara ni wa kupokea. Sivyo ilivyokuwa. Tulipojitawala tukahitaji jina la makazi ya Rais, tulilipata Unyamwezi na Usukuma: ikulu, nyumba ya mtemi. Bunge limetoka kwa Waha, kule kule Kigoma njia ya misafara ilikoishia ziwani. Leo magazeti ya Kenya yanaandika Ikulu ya Nairobi na Bunge la Kitaifa bila kusita. Maneno yamepita njia ileile ya wapagazi na kuvuka mpaka, kwa sababu kuna watu walioyachagua na kuyaamini.

Kuchagua hakujaisha. Anayeandikia Kenya na Tanzania hukutana na shule ya upili na shule ya sekondari, tarakilishi na kompyuta, matatu na daladala. Mimi ningemwachia mhusika wa Nairobi matatu yake na wa Dar es Salaam daladala lake, kwa kuwa magari yenyewe yana miji yao. Ila sauti ya msimulizi ichague upande mmoja na ikae hapo hadi mwisho. Msomaji husamehe neno geni. Kinachomchosha ni mwandishi anayehamahama.

Aliyeifanya kazi hii kwa moyo ni Julius Nyerere, aliyesoma Tabora kuanzia mwaka 1937 na kurudi kufundisha St. Mary's baada ya Makerere. Lugha ya mama yake ilikuwa Kizanaki, na Kiswahili alijifunza. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la *Julius Caezar*. Hakuridhika nayo. Alirudi kwenye mistari akaipima upya, na toleo la mwaka 1969 likatoka likiitwa *Juliasi Kaizari*: hata jina la juu ya jalada sasa linatamkika kwa ulimi wa mtoto wa Urambo kama linavyotamkika kwa wa Pangani. Alikuwa Rais, Azimio la Arusha lina miaka miwili tu, na bado alipata saa za kumfikiria msomaji huyo. Mwaka huohuo akamkabidhi na *Mabepari wa Venisi*, tamthilia nyingine ya Shakespeare.