Walinzi Watatu na Mtoto Mmoja

Kama umewahi kubishana kuhusu Game of Thrones hadi chai ikapoa, nadharia hii unaijua. Vita vinaisha. Rhaegar ameuawa mtoni Trident, babake mfalme ameuawa jijini, na mdogo wake Viserys amekimbizwa kisiwani Dragonstone. Lakini walinzi watatu wakali wa mfalme, Arthur Dayne akiwemo, hawako popote kati ya hapo. Wako mbali, wanalinda mnara. Mashabiki wakauliza: mlinzi wa mfalme anamlinda nani mahali pasipo na mfalme? Wakajijibu: basi mfalme yumo humo ndani, na bado ananyonya. Jon Snow.

Kitabu cha kwanza kilitoka 1996, na wasomaji walikuwa wameshaipiga hesabu hiyo miaka mingi kabla televisheni haijawapa ushindi, 2016 na 2017. Heshima zao. Ila jibu limetoka sawa na hesabu bado hainiingii.

Ushahidi wenyewe kitabuni ni ndoto: Ned Stark amevunjika mguu, amepewa dawa ya maumivu, anaota. Halafu kuna Jaime Lannister. Alivaa joho lile lile jeupe, akala kiapo kile kile, kisha akamuua mfalme aliyepaswa kumlinda. Nadharia inataka kiapo kiwe dira, kwamba walinzi wakisimama pahali, hapo pana damu ya kifalme. Stori yenyewe imeshatuonyesha dira iliyovunjika.

Tena, mmoja wa wale watatu wa mnarani ni Gerold Hightower. Huyu ndiye aliyemwambia Jaime kwamba kazi yao ni kumlinda mfalme, si kumhukumu. Hiyo ni baada ya mfalme kumchoma Rickard Stark akiwa hai, walinzi wakiangalia tu. Shabiki anamwona shujaa mlangoni pa mtoto. Mimi namwona mtu aliyesimama hivyo hivyo mbele ya moto. Pengine ni kuishi Eldoret, ambapo msimu wa kura kijana anaambiwa asimame nyuma ya fulani kwa sababu ya ukoo, na swali la fulani amefanya nini linaitwa usaliti.

Black Panther ya 2018 ililigusa swali hili vizuri zaidi, kisha ikaogopa. Killmonger, mtoto wa ndugu wa mfalme, aliyeachwa Oakland, anatwaa kiti. Nakia, yaani Lupita wetu, anamsihi Okoye waondoke. Okoye anakataa: yeye ni wa kiti, akikalie nani. Noma sana! Lakini T'Challa anarudi, inaonekana pambano halikuisha, na Okoye anageuka bila kuvunja chochote. Wameponyoka kwa kipengele cha sheria.

Pwani hawakuponyoka. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, ule ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu, mtawala wa Pate hahitaji jeshi. Anamnunua mtoto wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na ndoa. Kijana anamuuliza babake siri ya kifo chake, naye anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Mrithi mwenyewe ndiye anayeichoma, baba akiwa usingizini. Liyongo anafia karibu na kisima, amepiga goti, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Wanamtuma mama yake akambembeleze.