Ganda fupi lililotawala meza za shabaha

Katika ulengaji wa mezani, mchezo wenye mashabiki wengi Marekani, mara nyingi hakuna anayehesabu pointi za katikati ya shabaha. Kinachopimwa ni jinsi risasi tano zilivyokaribiana, na bingwa huziacha ndani ya kama milimita 5, katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, kwa umbali wa yadi 100. Mwaka 1975 daktari Lou Palmisano na fundi Ferris Pindell walitoa ganda la 6mm PPC, nalo likatawala mashindano ya yadi 100 na 200 kwa miaka mingi. Anayeijua risasi ya AK-47 atalitambua umbo lake: PPC imetokana na .220 Russian, na hiyo ilipatikana kwa kubana shingo ya ganda la 7.62×39, ndilo la AK-47.

Palmisano na Pindell walipanua shingo ya .220 Russian, wakanyoosha ubavu na kulipa bega pembe ya nyuzi 30. Baruti ikapata chumba kifupi na kipana. Lakini mimi naona siri kubwa iko kwenye kitako. Ganda hili hutumia fataki ndogo ya kuwashia baruti, na tundu la kupitishia moto lina upana wa takriban milimita 1.5, wakati maganda mengi ya bunduki yana kama milimita 2. Baruti kidogo ya ganda fupi kama hili haihitaji mlipuko mkali ili iwake. Inahitaji kuwashwa vilevile kila mara.

Kinachobaki ni kazi ya mikono, nayo ni ya subira. Mlengaji hukereza shingo ya kila ganda mpaka unene wake ulingane pande zote, kwa sababu chemba ya bunduki yake imebana sana: kati ya shingo na ukuta hubaki nafasi ya sehemu chache tu za mia za milimita. Shingo yenye upande mnene huanza kuipeleka risasi kombo hata kabla haijaingia kwenye mtutu. Kisha huamua kina cha kuikalisha risasi, mara nyingi ikigusa kabisa michirizi ya mtutu. Maganda machache yale yale hujazwa tena na tena palepale uwanjani, kati ya raundi na raundi.

Ajabu ni kwamba wengi wao hawapimi baruti kwa mizani. Huimimina kwa kipimio cha ujazo chenye mkono wa kuvuta. Wanajua wanachofanya. Risasi ikitoka kwa takriban mita 1,000 kwa sekunde, tofauti ya mita 6 huishusha kwa karibu nusu milimita tu kwenye yadi 100. Hapo mtikisiko wa mtutu na upepo vina uzito zaidi, ndiyo maana joto la mchana likibadilika, wao hubadili kipimo, ili risasi iendelee kutoka wakati ule ule wa mtikisiko.

Kwenye yadi 1,000 hesabu hiyo haifai tena. Kwa risasi ya kawaida ya .308, tofauti ileile ya mita 6 huishusha kwa zaidi ya sentimita 15. Walengaji wa huko hutumia mizani ya umeme inayohisi punje moja ya baruti, na kila ganda hupimiwa baruti yake.