Kibwagizo cha Filamu: Juu ya Kuchagua Sinema za Kikao

Katika nyumba za kupanga za Mjimwema, Bombambili na Lizaboni mjini Songea, wanafunzi wa vyuo na vijana walioajiriwa karibuni hukaa wawili au watatu katika chumba kimoja, ambacho wenyewe hukiita geto. Jumamosi usiku, baada ya ugali, aghalabu hukusanyika mbele ya kompyuta moja wakatazama filamu waliyojaziwa dukani katika flashi. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna swali la uhakiki: ni filamu ipi inayostahili kutazamwa na wenzi wa chumba, tena na tena, hata ikawa kama mali yao? Filamu za namna hiyo, zinazopendwa na kundi dogo kwa mapenzi yasiyokwisha hata pale wengine wanapozipuuza, nitaziita filamu za kikao.

Mazoea ya kutazama kwa pamoja hayakuanza na flashi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo watu wa miji ya mbali waliijua sinema kwa magari ya serikali yaliyoonyesha picha viwanjani, kisha kwa mikanda ya video. Nao mji wa Songea ulitegemea jenereta za dizeli hadi ulipounganishwa na gridi ya Taifa mwishoni mwa muongo wa 2010. Katika vibanda vya video, ambavyo kwa utani viliitwa vibanda umiza, watazamaji walijitungia istilahi zao za uhakiki: steringi, adui, na ile kanuni isemayo kwamba steringi hafi. Yafaa basi tuyachukulie maneno yao kwa uzito, tukitafuta vipimo vya uchaguzi.

Kipimo cha kwanza ni kurudiwa. Wapo wasemao kwamba filamu ikishajulikana mwisho wake imekwisha ladha. Kauli hiyo haina nguvu, kwani hatulitupi shairi zuri kwa sababu tumelijua beti la mwisho. Tutazame mfano wa Sholay, filamu ya Kihindi iliyoongozwa na Ramesh Sippy mwaka 1975, ambayo mjini Bombay ilionyeshwa katika jumba la Minerva kwa muda wa miaka mitano. Jai na Veeru, wahalifu wawili marafiki, wameajiriwa kumkamata jambazi Gabbar Singh. Kila penye jambo la kuamua, Jai hurusha sarafu. Mwishoni sarafu hiyo yaamua kwamba Veeru aende kutafuta msaada, naye Jai abaki kuwazuia majambazi. Jai anakufa, Veeru anaitwaa sarafu na kuona kwamba pande zake mbili ni sawa. Anayeitazama mara ya kwanza huhuzunika kwa kifo. Anayeitazama mara ya pili huutazama mkono wa Jai tangu mwanzo, akijua kwamba kila alipoirusha ile sarafu alikuwa amekwisha amua, na kwamba hila yake ya mwisho ilikuwa upendo. Filamu hii yaivunja kanuni ya steringi hafi, na bado yapendwa. Filamu isiyozidi kitu katika kurudiwa ni habari tu, ikishasikika imekwisha.

Kipimo cha pili ni kibwagizo. Washairi wanajua kwamba kibwagizo ni mahali ambapo mkusanyiko huingia ndani ya shairi na kulifanya lake. Filamu ya kikao nayo huwa na mahali pa kuingilia: kauli ambayo wote huitamka kabla ya mwigizaji, kicheko kinachosubiriwa, wimbo unaoitikiwa. Huko Marekani, filamu iitwayo The Rocky Horror Picture Show haikufanikiwa ilipotoka mwaka 1975. Mwaka uliofuata jumba la Waverly mjini New York lilianza kuionyesha usiku wa manane, na watazamaji wakazoea kuvaa kama waigizaji na kuyajibu maneno ya filamu kwa sauti. Wengi waliona hicho kuwa kituko kipya. Mtoto aliyelelewa kwa kuitikia "Pakawa!" kila bibi yake asemapo "Paukwa!" hana la kushangaa.

Hapa kwetu kibwagizo kilitiwa na wasimulizi. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alizisimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni. DJ Afro wa Kenya naye alipata sifa kwa kazi kama hiyo. Watu hawa hawakufuata sentensi kwa sentensi, maana walieleza, wakatania, wakawafananisha wahusika na watu wa mtaani. Wapo wanaowalaumu, na lawama hiyo ina haki yake: sauti ya msimulizi hufunika muziki na sauti za waigizaji, tena hatua ya kuichukua kazi ya mtu bila idhini si ya kusifiwa. Hata hivyo walithibitisha jambo moja kubwa, kwamba mtazamaji wetu hutaka kusemeshwa.

Kipimo cha tatu ni wenzi wenyewe. Chumba kimoja chaweza kuwa na Mngoni, Mmatengo na Myao, Mkristo na Mwislamu, mwenye kupenda vitisho na asiyepata usingizi kwa ajili yake. Kwa hiyo uchaguzi uende kwa zamu, na mwenye kompyuta asijifanye jumbe. Lakini heshima haiwahusu waliomo chumbani peke yao. The Gods Must Be Crazy, iliyotengenezwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini mwaka 1980, imechekesha watu wengi kwa kisa cha Msani aliyeokota chupa iliyodondoshwa na ndege. Yawaonyesha Wasani kama watu wasioujua ulimwengu, ilhali wakati huohuo wengi wao huko Namibia walikuwa wamewekwa katika makazi ya Tsumkwe, na vijana wao wakiandikishwa katika jeshi la Makaburu. Sisemi filamu hiyo ifungiwe. Nasema itazamwe pamoja na swali: kama mwenzetu wa chumba angekuwa Msani, au Mhadzabe wa Ziwa Eyasi, je, angecheka nasi?

Sasa nifike penye uchungu. Kwa vipimo hivi, filamu zetu wenyewe ziko wapi? Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968. Katika miaka ya 1970 ilitoa Fimbo ya Mnyonge, kisa cha kijana aliyekimbilia mjini, akashindwa, na hatimaye akapata makao katika kijiji cha Ujamaa. Nia yake ilikuwa njema. Lakini jibu lilitangulia swali, na penye jibu tayari msikilizaji hana pa kuitikia. Tofauti ni Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Mariamu ni mgonjwa, hospitali haikumponya, naye anamwogopa mganga ambaye mumewe anataka kumpeleka. Hapo chumba chote kitabishana hadi usiku wa manane. Kadhalika Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, yawapa waliosoma riwaya ya Shafi Adam Shafi nafasi ya kuuliza nini kimeachwa, na kwa nini.

Ngoma ya Lizombe haikuhifadhiwa na maandishi. Imeishi kwa sababu wachezaji wanajua wakati wa kuingia, na wadogo hujifunza kwa kusimama kando ya wakubwa. Filamu nayo hufa ikikosa watu wa kuirudia, hata kama nakala yake imo kabatini. Kwa hiyo walimu wawahimize wanafunzi, nao vijana wa mageto wajihimize wenyewe: katika kila vikao vitatu, kimoja kiwe cha filamu ya Kitanzania, aliyeileta aeleze kwa nini, na baada ya mwaka irudiwe, ionekane kama bado ina la kusema. Tusipochagua sisi, atatuchagulia mwenye duka la flashi, naye hajui tunaishi na nani.