Dume mdogo kuliko jike: kuwatambua samaki wa makombe wa Tanganyika

Samaki wa sentimita nne aliyetoka tu kukamatwa ziwani hufifia rangi kwa hofu. Wanaoanza kumtambua kwa rangi hupotea papo hapo, na jina lisilo lake likishaandikwa kwenye mfuko, kulifuta huwa shida. Kwa sikilidi vibete wa Ziwa Tanganyika, ushahidi wa kwanza ni mahali alipotolewa: ufukwe gani, kina gani, na je, alitoka ndani ya kombe au kando yake. Taarifa hiyo isipoandikwa mpiga mbizi anapopanda, hakuna kioo cha kukuzia kitakachoirudisha.

Makombe yenyewe ni ya konokono Neothauma tanganyicense. Konokono hufa, makombe hubaki, na penye mchanga hujikusanya hadi yakatandika eneo pana. Spishi kadhaa huishi humo kwa pamoja, kwa hiyo kimia kimoja kinaweza kuleta samaki wazima wa spishi moja pamoja na makinda wa nyingine, wote kwa urefu mmoja. Ndiyo maana urefu hauniridhishi kama kipimo cha kuanzia.

Chukua Neolamprologus multifasciatus na Neolamprologus similis. Wa kwanza alielezwa kisayansi na George Boulenger mwaka 1906. Wa pili alisubiri hadi 1992, Heinz Büscher alipomtenga na mwenzake. Wote wana milia ya wima mwilini, na wote ni miongoni mwa sikilidi wadogo kabisa duniani. Tofauti iko kichwani: milia ya multifasciatus huishia nyuma ya kifuniko cha matamvua na kuacha kichwa kitupu, ilhali ya similis huendelea kwenye kisogo na kufika nyuma ya jicho. Samaki akiwa na hofu, milia hiyo ya kichwani huwa hafifu, kwa hiyo mwache atulie kwenye tangi lenye mchanga na makombe kabla ya kuamua.

Jinsia ni kazi nyingine. Kwa Lamprologus ocellatus, ambaye ana doa kama jicho kwenye kifuniko cha matamvua, ukingo wa pezi la mgongo husaidia: wa jike kwa kawaida ni mweupe, wa dume una rangi ya chungwa. Kwa spishi zisizo na alama kama hiyo, inabidi kumgeuza tumbo juu kwenye kiganja kilicholowa na kutazama sehemu iliyo nyuma ya tundu la haja. Wanaochambua vifaranga vya perege kwa mkono wanaijua kazi hii: jike ana tundu la mayai na tundu la mkojo, kila moja peke yake, na dume ana tundu moja linalopitisha mkojo na mbegu. Kanuni inafaa hapa pia, ila perege anayechambuliwa hivyo huwa mkubwa zaidi na sehemu zake huonekana kwa urahisi. Kwa samaki wa sentimita tatu utahitaji kioo cha kukuzia, mwanga wa pembeni na mkono mwepesi, kwa sababu kila sekunde nje ya maji inamuumiza.

Anayevuruga kila kanuni ya ukubwa ni Lamprologus callipterus. Dume mwenye kiota hubeba makombe kwa mdomo na kuyarundika, na kwa wastani uzito wake ni zaidi ya mara 12 ya ule wa jike. Sababu inaeleweka: dume lazima awe na nguvu ya kubeba kombe, jike lazima awe mdogo wa kutosha kuingia ndani na kutaga. Dume huyo haingii. Humwaga mbegu mlangoni. Mtu akiona kundi hili kiotani husema bila kusita kwamba mkubwa ni dume na wadogo wote ni majike.

Hapo ndipo anapokosea. Kati ya hao wadogo wamo madume vibete, wenye uzito wa takriban asilimia 2.5 tu ya ule wa dume mwenye kiota, wadogo hata kuliko majike. Kibete hujipenyeza ndani ya kombe, humpita jike, na kukaa kwenye pindo la ndani kabisa, ambako hurutubisha mayai kutoka nyuma yake. Anayehesabu samaki wanaoogelea juu ya kiota hamwoni. Anayekagua makombe moja moja humkuta. Naipenda sana sehemu hii ya kazi, kwa sababu jinsia ya samaki inaonyeshwa na mahali alipojificha.

Bado kuna mtego mmoja. Dume mdogo anaweza kuwa kibete, au kinda ambaye siku moja atakuwa na kiota chake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba umbo hili hurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana kupitia kromosomu Y: wana wa kibete hubaki vibete, wana wa jitu, yaani dume mkubwa mwenye kiota, huwa majitu. Kwa dume asiyejulikana baba yake, mpime urefu, mlishe vizuri, kisha mpime tena baada ya miezi kadhaa. Akikomaa kwa uzazi na urefu ukasimama pale pale, mwandike kibete. Akizidi kukua, mhamishie tangi kubwa na umpe makombe ya kubeba.