Siku ya Tatu Mpe Jembe: Kumsoma Kpomassie Ukiwa Mtangawanda

Kitabu cha Tété-Michel Kpomassie, *L'Africain du Groenland*, kilitoka Ufaransa mwaka 1981. Miaka miwili baadaye James Kirkup akakitafsiri kwa Kiingereza kama *An African in Greenland*, na mwaka 2022 Penguin wakakitoa upya kwa jina *Michel the Giant*. Kila kinaporudi sokoni, sifa ni zilezile: eti ajabu gani hii, Mwafrika kwenye theluji! Kana kwamba kazi ya kitabu kizima imekwisha kwenye picha ya jalada.

Mimi nakisifu kwa jambo jingine, na nina lawama nacho pia. Kipimo changu ni methali ambayo kila aliyelelewa kwa Kiswahili anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaitumia kumkumbusha mgeni asikae bure. Kwa mhakiki ni kipimo kizuri cha kitabu cha safari. Je, mwandishi alifika siku ya tatu? Alishika jembe, ama aliondoka na picha?

Kwanza stori yenyewe, kwa wale ambao hawajaisoma. Kpomassie alizaliwa Togo mwaka 1941. Akiwa kijana wa miaka 16 alipanda mnazi, akakutana na nyoka huko juu, akaanguka. Akapelekwa kwa mganga wa kike wa madhehebu ya chatu, akapona, na baba yake akaahidi kumtoa awe mtumishi wa madhehebu hayo. Katika siku za kujiuguza akaona kwenye duka la vitabu mjini Lomé kitabu cha Robert Gessain kuhusu watu wa Greenland. Nchi ya barafu, haina minazi, haina nyoka. Kwa kijana anayengoja kupelekwa msituni akaishi na chatu, hiyo ilikuwa pepo. Akatoroka. Ilimchukua miaka kupita pwani ya Afrika Magharibi na Ulaya, akifanya kibarua hapa na pale kutafuta nauli, hadi mwaka 1965 alipopanda meli Copenhagen na kushuka Qaqortoq, kusini mwa Greenland. Watu gatini walinyamaza kimya walipomwona. Baadhi ya watoto walilia.

Sisi tuliokulia chini ya minazi tunakielewa kisa hiki bila maelezo ya pembeni. Tunajua mtu anaweza kuuchukia mti unaomlisha. Ila baada ya kushuka melini, Kpomassie anafanya jambo ambalo watu wa Mtangawanda wanalijua vizuri zaidi, kwa sababu wanafanyiwa wao.

Mtangawanda ni gati. Boti za abiria zinazotoka Lamu kwenda Faza na Kizingitini hupita hapo, na maji yakipwa, mwenye safari ya mji wa Pate hushuka hapo amalizie kwa nchi kavu. Mgeni mwenye kamera akishuka, swali lake la kwanza ni bodaboda ya kumpeleka kwenye magofu ya Pate, ama ngome ya Siyu, ama Shanga. Kisiwa "chenyewe" kiko mbele. Hapa ni mahali pa kupita tu. Watu wanaopakua magunia, mama anayeuza mahamri, kijana aliyekaa juu ya pikipiki yake akiangalia simu, hao hawamo kwenye hadithi aliyoifuata.

Kpomassie naye alikuwa na magofu yake kichwani. Alimtaka mwindaji wa sili, mbwa, nyumba ya barafu, kila alichokisoma kwa Gessain. Kule kusini alikuta bandari, samaki wa kiwandani, maduka ya Wadenmark, pombe nyingi na vijana wasio na shughuli. Akavunjika moyo. Kitabu kinapoelekea kaskazini, kutoka mji hadi mji, kinasukumwa na hamu ya kumpata Mgreenland wa kweli, na maana yake ni kwamba waliompokea kusini walikuwa wa bandia. Kurasa hizo za kusini ndizo dhaifu kuliko zote. Zina ulevi mwingi na zina maelezo machache ya ulevi ulitoka wapi. Greenland iliacha kuwa koloni kwa jina mwaka 1953, lakini katika miaka ileile aliyofika, serikali ya Denmark ilikuwa ikiwavuta watu kutoka vijiji vidogo kuwaleta mijini. Jengo la Blok P mjini Nuuk, lililojengwa katikati ya miaka ya 1960, peke yake lilikuja kubeba takriban asilimia 1 ya watu wote wa nchi ile. Mwindaji akiwekwa ghorofani, na milango ni myembamba hata nguo zake za kuwindia hazipiti vizuri, utamkuta wapi jioni? Kpomassie anauona ukoloni, tena mara nyingine anausema kwa ukali. Ila anaharakisha. Ana mahali pa kufika.

Halafu majira ya baridi yanamkamata, na hapo kitabu kinageuka.

Fikiria hesabu yake. Mtangawanda iko kama nyuzi mbili kusini mwa ikweta, na mwaka mzima saa ya magharibi haisogei sana. Ilulissat, mji wa Ghuba ya Disko ambao Kpomassie aliufikia, jua huzama mwisho wa Novemba lisionekane tena hadi tarehe 13 Januari, siku ambayo watu hupanda kilima cha Seqinniarfik kulilaki. Zaidi ya wiki sita bila jua. Upernavik, kaskazini zaidi, giza ni refu kuliko hapo. Mgeni hawezi tena kukimbia kutafuta kitu kilicho mbele. Meli hazipo. Amekwama kwenye nyumba za watu, na nyumba ya watu ina kazi: mbwa wanataka kulishwa, maji ya kunywa yanatoka kwenye bonge la barafu lililoburutwa na kuyeyushwa, samaki wanavuliwa kwa mshipi uliopitishwa kwenye tundu la barafu huku vidole vinakufa ganzi. Hapo ndipo Kpomassie anapopewa jembe lake. Anajifunza kuendesha kigari cha kuteleza kinachovutwa na mbwa, anaanguka, wanamcheka, anapanda tena. Sentensi zake zinatulia. Anaacha kuuliza nani Mgreenland wa kweli, kwa sababu mtu anayekupa ngozi ya nyangumi ya kutafuna ili usigande hana muda wa kukuthibitishia ukweli wake.

Na kazi zikiisha? Kitabu kinatuonyesha bila haraka jinsi watu wanavyoupitisha muda. Wanatembeleana. Ukisikia kahawa imewekwa mahali unaingia, unakaa, pengine husemi lolote kwa muda mrefu, kisha unakwenda nyumba nyingine. Kuna ngoma za usiku. Kuna visa vya mizimu ya milimani. Kuna mkono ambao kila wakati unashona kitu.

Msomaji wa Nairobi anaweza kuona hayo ni ya mbali. Msomaji wa Pate ataona kusi. Upepo wa kusi ukishika, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya nje ya mwamba inachafuka, wavuvi wengi wanabaki ndani, na abiria anaitazama mashua mara mbili kabla ya kuipanda. Huo ndio msimu wetu wa kufungiwa. Nyavu zinashonwa. Dhumna zinapigwa mezani hadi usiku, bao linachezwa, keramu ya vijana haipoi. Wanaume wamekaa barazani na kofia za vito mkononi, sindano ndani sindano nje, na kofia moja inaweza kumaliza wiki kadhaa. Kina mama wanasuka ukili. Kahawa chungu inazunguka. Na tuwe wakweli, muguka pia unazunguka, na kuna vijana ambao kusi linawaisha wakitafuna tu. Mgeni wa siku mbili akipita hapo ataandika mojawapo ya mambo mawili: "maisha matulivu yasiyojua saa," au "vijana walioharibika." Yote mawili ni ya siku ya kwanza. Atakayekaa hadi akachoka, hadi dhumna zimkere, ndiye atakayegundua kwamba yule anayeshona kofia analipa ada ya shule ya mtoto wake kwa sindano ile, na kwamba barazani ndipo mashua inapouzwa na ugomvi wa mirathi unapotulizwa.

Sehemu bora ya kitabu imo Upernavik, kwa mzee Robert Mattaaq. Nyumba yake ni ya mabonge ya udongo na nyasi, fukara kweli. Lakini kuta za ndani zimebandikwa kurasa za magazeti na majarida, tabaka juu ya tabaka, alizokusanya kwa miaka. Hiyo ndiyo maktaba yake. Mzee huyo anafuatilia habari za dunia kwa kusoma ukuta, kwenye giza la miezi, na Mtogo amekaa pembeni yake. Kpomassie alitoka kwao kwa sababu ya kitabu kimoja kilichomwambia habari za Greenland. Amefika karibu na mwisho wa safari yake, na anayempokea ni mtu wa Greenland aliyekuwa anaisoma dunia muda wote huo. Ile fikra kwamba Mgreenland wa kweli ni asiyejua kinachoendelea nje inavunjika hapo. Aliyeishi maisha ya kizamani kuliko wote ndiye aliyekuwa msomaji. Kpomassie hatoi hotuba juu ya jambo hilo. Anamchora mzee, nyumba, kurasa, anaacha. Kwa sehemu hiyo tu, kitabu kinastahili kudumu.

Lawama yangu kubwa ni wanawake. Wengi mno wanaingia kitabuni kupitia mlango wa kitanda. Tunajua nani alimpenda, nani alimwonea wivu, nani alibadilisha mwenza. Tunaijua kazi ya mikono yao pia, maana bila ngozi walizozilainisha na kuzishona hakuna mwindaji ambaye angetoka nje ya mlango. Lakini ni nani kati yao aliyekaa akazungumza naye ukurasa mzima kuhusu jambo lolote, kama Mattaaq alivyozungumza? Hapo Kpomassie hakufika siku ya tatu. Binti wa Lamu ambaye picha yake akiwa kwenye buibui inauzwa kama kadi ya posta ataitambua dosari hii haraka kuliko mhakiki wa Paris.

Kingefaa kitafsiriwe kwa Kiswahili, na mfasiri atakuwa na kazi tamu. Tuna maneno mawili, theluji na barafu, na yote ni wageni: la kwanza asili yake Uarabuni, la pili Uajemi. Hapa barafu ni kitu cha biashara. Inafika kwenye kasha, inafunikwa juu ya samaki, na ikichelewa samaki ameoza na hasara ni yako. Kumweleza msomaji wa hapa juu ya watu wanaotembea juu ya barafu, wanaoinywa, wanaoiogopa ikipasuka, kutahitaji kukaa na neno hilohilo hadi lizoee kazi mpya. Kiswahili hakishindwi. Kimeshawahi kubeba vita vya Waarabu na Warumi katika *Utendi wa Tambuka*, ulioandikwa papa hapa Pate mwaka 1728, na mtunzi wake hakuhitaji kufika Tabuk.

Na hapo ndipo kitabu hiki kinapotuhusu sisi tunaoandika. Pate haijakosa fasihi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliuombolezea mji wake ulioanguka katika *Al-Inkishafi*. Mwaka 2019 Yvonne Adhiambo Owuor alikifanya kisiwa kuwa kitovu cha *The Dragonfly Sea*, riwaya inayompeleka binti wa Pate hadi China. Kazi kubwa zote mbili. Ila vijana wetu wanaoandika na kuposti leo wameanza kukiona kisiwa kwa jicho la mgeni: magofu, machweo, mashua yenye tanga. Gati halimo. Keramu haimo. Kijana wa bodaboda anayengoja boti iliyochelewa saa tatu hayumo, labda kwa sababu tunadhani hana hadithi mpaka aondoke.

Kpomassie aliondoka, ni kweli, na leo safari kama yake kwa kijana mwenye pasipoti ya Kenya inaanza na foleni ya viza na taarifa za benki. Lakini kurasa zake nzuri kuliko zote aliziandika akiwa amekaa kitako, hana pa kwenda, anatazama ukuta wa mzee mmoja. Thule aliyokuwa akiiota hakufika. Kusi likirudi, boti zikipunguza safari na baraza zikijaa, sisi tutakuwa tumeshakaa tayari. Kalamu zipo. Mtu aanze na pale gatini.