Namna ya Kutambua Gari-Nyumba Linalomudu Usiku wa Baridi Bila Umeme wa Nje

Kila msimu wa baridi, magari-nyumba kwa maelfu huegeshwa katika jangwa linaloizunguka Quartzsite, mji mdogo wa jimbo la Arizona nchini Marekani, mahali ambapo hakuna nguzo ya umeme, bomba la maji wala shimo la majitaka. Gari-nyumba, kwa maana inayotumika hapa, ni gari au trela iliyojengewa vitanda, jiko, choo na mfumo wake wa umeme wa volti 12. Ardhi hiyo ya umma husimamiwa na Bureau of Land Management, idara ya serikali ya shirikisho ambayo kwa kawaida humruhusu msafiri kukaa mahali pamoja siku 14 kabla ya kuhama, ingawa eneo la La Posa limetengewa wakaaji wa muda mrefu kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Mchana jua huwaka, lakini usiku hewa kavu na anga lisilo na mawingu huliachia joto la ardhi lipotee upesi, na anayepanda hadi Flagstaff, kwenye mwinuko wa takribani mita 2,100 katika jimbo hilohilo, hukutana na theluji kamili.

Mnunuzi mgeni akikagua gari kwa ajili ya mazingira hayo huanza kwa kuuliza ukubwa wa betri. Mjuzi huanza kwenye hita, na ana sababu nzito. Mtungi wa gesi wa kilo 9, ambao ndio wa kawaida katika matrela ya Marekani, hubeba nishati ya takribani kilowati-saa 125, ilhali betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, yaani inayoweza kutoa ampea moja kwa saa 100, hubeba kilowati-saa 1.2 tu. Tofauti ni ya mara mia moja, nayo inatosha kuonyesha kwa nini joto lenyewe halina budi kutoka kwenye gesi au dizeli, betri ikiachiwa kazi ya kusukuma hewa na kuwasha cheche. Hita ya umeme ya wati 1,500 humaliza betri kama hiyo katika muda usiofika saa moja, kwa hiyo muuzaji anayeisifia kama chanzo cha joto cha usiku amekwisha kujibu maswali mengine yote.

Hita iliyozoeleka zaidi ni ya gesi yenye feni. Gesi huungua ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa, moshi hutolewa nje kupitia tundu la ukutani, na feni hupitisha hewa ya ndani juu ya chuma hicho kisha huisambaza vyumbani kwa mabomba. Uwezo wake huandikwa kwa BTU, kipimo cha joto ambacho Wamarekani hawajakiacha, na hita ya ukubwa wa kati hufikia BTU 30,000 kwa saa, sawa na karibu kilowati 9. Ikiwaka jumla ya saa nne katika usiku wa saa kumi na mbili, mtungi mmoja hutosha siku tatu na ziada. Upande wa gesi hesabu hiyo haisumbui. Usumbufu uko kwenye feni, kwa kuwa hula ampea 7 hadi 10 kila inapozunguka, na saa hizo nne kwa ampea 8 tayari ni ampea-saa 32. Betri ya ampea-saa 100 ya risasi na asidi, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu ikiwa mwenyewe anataka idumu, hubakiwa na ampea-saa 18 kwa mahitaji mengine yote, na baridi itakuwa imeshaipunguzia hata hizo.

Kabla ya kutoa testa mfukoni, mkaguzi makini husikiliza. Thamostati, yaani swichi inayowasha na kuzima hita kwa kufuata joto la chumba, ikipandishwa, feni huanza kwanza peke yake, ikasafisha chumba cha moto kwa sekunde kadhaa. Kisha husikika tiki-tiki za cheche, na mara gesi hushika kwa mvumo mzito. Kati ya feni na cheche kuna kifaa kidogo kinachoamua usiku wa watu, nacho ni swichi ya upepo: kibati chembamba kilichosimama njiani mwa hewa, ambacho lazima kisukumwe na upepo wenye nguvu ya kutosha ndipo mkondo upite kwenda kwenye cheche. Volti zikishuka, feni huzunguka kwa uvivu, kibati hakifiki mwisho wa safari yake, na hita hukataa kuwaka ingawa mtungi umejaa na feni inasikika vizuri. Wenye magari wengi huamka saa tisa usiku wakipulizwa hewa baridi, wakalaumu gesi, wakabadilisha mtungi gizani bila mafanikio yoyote. Aliyeisikia feni ikiwa na volti kamili huutambua mlio wake mzito unapoanza kulegea, na sikio hilo lina thamani kuliko taa nne za kijani zilizobandikwa ukutani kuonyesha kiwango cha betri.

Hata hivyo feni yaweza kulegea betri ikiwa nzima. Watengenezaji wengi hubana gharama kwenye nyaya, na waya mwembamba uliopita chini ya sakafu hadi nyuma ya trela hupoteza volti njiani. Jaribio lake ni jepesi: feni ikiwa inazunguka, volti zipimwe kwenye vichwa vya betri, kisha zipimwe kwenye viunganishi vya hita. Tofauti ya volti 0.1 au 0.2 ni kazi safi, ikizidi 0.4, waya ni mwembamba mno, au kuna kiunganishi kilicholegea au kuota kutu, na gari hilo litalala na baridi mapema kuliko jirani yake mwenye betri ileile. Fundi mzuri hutambulika hapa, kwa waya mnene, vichwa vilivyobanwa kwa mashine badala ya koleo, na fyuzi iliyokaa karibu kabisa na betri ili waya wote uwe chini ya ulinzi wake.

Betri zenyewe ni za jamaa mbili. Ya kwanza ni ya risasi na asidi, ikiwa ya maji au kavu, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859. Sifa yake ni bei ndogo na uungwana wa kuonyesha hali yake: ikipumzishwa saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, volti 12.6 au 12.7 humaanisha imejaa, na 12.1 humaanisha imebaki takribani nusu. Kasoro yake ni uzito na kuogopa baridi, maana kwenye nyuzijoto sifuri hupoteza karibu moja ya tano ya uwezo wake, na ikiachwa tupu katika baridi kali zaidi maji yaliyomo huweza kuganda na kupasua kasha, jambo ambalo halitokei kwa iliyojaa. Ya pili ni ya lithiamu, chuma na fosfeti, iliyotokana na utafiti wa kundi la John Goodenough katika Chuo Kikuu cha Texas miaka ya 1990. Hiyo ni nyepesi, huweza kutumika karibu yote bila kuumia, na volti zake hazishuki polepole usiku kucha, sifa ambayo feni ya hita huipenda kuliko kitu kingine chochote.

Utulivu huohuo wa volti ndio unaomficha mmiliki hali halisi. Betri ya lithiamu husoma kidogo juu ya 13 kwa sehemu kubwa ya safari yake, kisha huanguka ghafla, kwa hiyo kuikadiria kwa volti ni kubahatisha. Kinachohitajika ni shanti, kipande cha chuma chenye ukinzani unaojulikana ambacho hufungwa kwenye upande hasi na kuhesabu kila ampea inayoingia na kutoka. Mkaguzi huangalia jambo moja tu: kichwa hasi cha betri kishikwe na waya wa shanti peke yake. Ukionekana waya mwingine umepachikwa moja kwa moja hapo, hata wa kifaa kidogo, hesabu yote inayotokea kwenye skrini ni pungufu. Na upande wa betri ya asidi kuna hila inayopaswa kujulikana, kwani betri iliyotoka kwenye chaja muda mfupi uliopita huonyesha volti 13 za juujuu ambazo huyeyuka mara taa zikiwashwa. Kipimo cha haki huchukuliwa alfajiri, jua likiwa bado halijagusa paneli, huku feni ikizunguka. Betri ya asidi inayoshikilia karibu volti 12 katika hali hiyo imelala vizuri.

Baada ya feni, wizi mkubwa wa umeme hufanywa na vifaa ambavyo hakuna anayekumbuka kuwa vimewashwa. Inveta kubwa, ile inayogeuza volti 12 kuwa umeme wa nyumbani, huweza kula ampea moja hadi mbili bila kuendesha chochote, na hiyo ni ampea-saa 12 hadi 24 hadi asubuhi kwa ajili ya kuchaji simu moja. Friji ya gesi nayo huhitaji umeme kidogo wa bodi yake ya kielektroniki, na baadhi zina kipashajoto cha fremu ya mlango cha kuzuia jasho ambacho hakina kazi yoyote katika hewa kavu ya Arizona. Gari lililofikiriwa vizuri lina swichi ya inveta karibu na kitanda. Hilo ni jambo dogo, lakini linaonyesha kwamba aliyelijenga aliwahi kulala ndani yake.

Wapo wanaoikwepa feni kabisa kwa kutumia hita ya kichocheo, ambamo gesi huungua bila mwali juu ya sahani iliyopakwa madini, nayo haihitaji umeme hata kidogo. Kwa betri ni neema, ila kila kilo ya gesi inayoungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, na kwa kuwa hita hiyo haina bomba la moshi, mvuke wote hubaki ndani, ukatiririka kwenye vioo na kulowesha magodoro. Isitoshe, hula oksijeni ya chumba, kwa hiyo dirisha na tundu la paa lazima viachwe wazi kidogo, na hita nyingine ndogo za aina ya mwali, zenye kifaa cha kukagua oksijeni, huweza kujizima zenyewe kwenye mwinuko kama wa Flagstaff. Msomaji anayekumbuka habari za familia zilizolala na jiko la mkaa ndani katika nyanda za juu za Kenya au Tanzania hahitaji kuelezwa monoksidi ya kaboni ni nini: ni gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Hita ya dizeli iliyofungwa vizuri, yenye bomba lake la moshi, huheshimiwa zaidi, kwani hudai ampea karibu kumi kwa dakika chache za kuwaka, kisha huendelea kwa moja au mbili tu. Wanaoitumia hulipia upungufu huo wa mahitaji kwa masizi yanayohitaji kusafishwa.

Kuhusu kuta na madirisha, yatosha kusema kwamba dirisha kubwa la kioo kimoja, linalouza gari kwenye maonyesho, ndilo linaloirudisha feni kazini kila baada ya dakika kumi. Pazia nene na thamostati iliyoshushwa hadi nyuzijoto 12 huokoa umeme kuliko betri ya ziada.

Asubuhi hudai busara yake. Betri ya lithiamu iliyo chini ya nyuzijoto sifuri haipaswi kuchajiwa, maana lithiamu hujitandaza kama chuma ndani ya seli na kuiharibu moja kwa moja, ingawa kutoa umeme katika baridi hiyohiyo haikatazwi. Kwa sababu hiyo iliyofungwa vyema hukaa ndani ya eneo linalopashwa joto, na saketi yake ya ulinzi huzuia chaji hadi joto lirudi. Paneli zilizolazwa bapa juu ya paa hupoteza sehemu kubwa ya jua la Desemba, ambalo hupita chini upande wa kusini, kwa hiyo fremu zinazoinuka ni dalili ya mmiliki aliyekwisha kuhesabu. Mwishowe hukaguliwa ving'amuzi viwili: cha gesi ya mtungi, kinachokaa karibu na sakafu kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, na cha monoksidi ya kaboni, kinachokaa karibu na vitanda. Vyote huisha muda baada ya miaka michache hata kama taa yake bado inawaka, na tarehe hupatikana kwa kukifungua kifaa na kusoma mgongo wake.